Somo la toleo hili: Askari aliyestaafu, droni, na anga la Masisi na Walikale



Katika toleo hili tunajifunza juu ya jambo ambalo kwa mbali linaonekana kuwa mchezo tu. Katika nchi nyingi, mtu aliyetumikia jeshi akistaafu hutafuta kitu cha kujifurahisha. Mmoja huvua samaki, mwingine hufuga nyuki, na siku hizi wengine hununua droni, yaani ndege ndogo isiyo na rubani, na kuirusha jioni kiwanjani. Picha za mchezo huo zinafika hata kwenye simu zetu. Basi swali linazuka: na askari wetu aliyeacha bunduki je? Anaweza kujifurahisha kwa namna hiyo hapa Masisi au Walikale? Na kama hawezi, ni nini kitakachojaza siku zake?

Tunaliuliza swali hili kwa uzito, kwa sababu mtu aliyeacha silaha akikosa cha kufanya hana amani, na jirani yake pia hana.

Lengo la somo

Mwisho wa somo hili tunatumaini kila msomaji ataweza:
- kueleza kwa nini aliyeacha jeshi anahitaji burudani na kazi ya mikono, si fedha peke yake;
- kueleza kwa nini droni katika anga letu inaleta hofu hata ikiwa ya mchezo;
- kutaja shughuli tatu zinazotumia ujuzi wa askari wa zamani mbele ya macho ya jamii.

1. Sare huvuliwa, mazoea hubaki

Mtu aliyekaa miaka kumi au ishirini jeshini, au msituni katika kundi la silaha, amejifunza mambo mengi. Anajua kusoma milima na mabonde. Anajua mawingu yanasema nini. Anajua kukesha, kusikiliza redio ya mawasiliano, kutengeneza kilichovunjika kwa waya na kisu, na kumfunga jeraha mwenzake. Amezoea pia kuamka kwa wakati, kuitwa jina kwenye foleni, na kuwa na wenzake mchana na usiku.

Siku anapovua sare, hivyo vyote havimtoki. Macho yake bado yanatafuta kilima. Usiku usingizi hauji. Wenzake hawapo, na wale anaowakuta nyumbani hawazungumzi lugha yake. Wengi huanza kukaa kwenye kasiksi au kanyanga tangu asubuhi, si kwa ubaya wa moyo, ila kwa sababu siku ni ndefu.

Hapa ndipo burudani inapokuwa na maana. Kule ng'ambo, askari wa zamani anayerusha droni hapendi chombo peke yake. Anapata kazi ya macho na vidole. Anapata sababu ya kutoka nyumbani, wenzake wa kukutana nao, na kitu cha kujifunza upya. Hayo manne ndiyo tunayopaswa kuyatafuta. Chombo chenyewe kinaweza kuwa kingine.

2. Tumejifunza nini kutokana na mipango iliyopita

Nchi yetu imejaribu mara kadhaa kuwarudisha wapiganaji katika uraia. Mpango wa kwanza wa taifa, chini ya tume iliyoitwa CONADER, ulianza mwaka 2004. Wale waliochagua kubaki jeshini walipelekwa kwenye vituo vya kuchanganya askari wa makundi mbalimbali wawe jeshi moja. Mushaki, hapa Masisi, ilikuwa mojawapo. Aliyechagua uraia alipewa dola 110 wakati wa kutoka, kisha dola 25 kila mwezi kwa miezi 12. Jumla ni dola 410. Leo droni nzuri ndogo yenye kamera inauzwa mamia ya dola, hivyo mtu angeweza kumaliza msaada wote wa mwaka mzima kwa chombo kimoja, na watoto wakalala njaa.

Miaka kumi hivi baadaye, wapiganaji waliojisalimisha walipelekwa mbali sana na makwao. Katika kambi ya Kotakoli, kaskazini-magharibi mwa nchi, zaidi ya watu 100 walikufa kwa njaa na magonjwa, wakiwemo wake na watoto wa wapiganaji. Shirika la Human Rights Watch lilitoa taarifa hiyo Oktoba 2014. Habari hiyo ilifika vijijini kwetu, na hadi leo kuna mtu anayesikia neno la kuacha silaha akakumbuka Kotakoli.

Mpango wa P-DDRCS, uliowekwa Julai 2021, umeweka neno "jamii" ndani ya jina lake. Maana yake ni kwamba mtu arudi kwa jamii na kwa msaada wa jamii. Sisi tunaona neno hilo ni zuri, lakini haliishi kwenye karatasi. Linaishi siku mama wa jirani anapokubali kumsalimu aliyerudi, na aliyerudi anapokubali kushika jembe la salongo pamoja na wengine.

3. Anga letu limeona nini

Kabla ya kujibu swali la droni, tukumbuke historia ya anga letu.

Tarehe 3 Desemba 2013, Umoja wa Mataifa ulizindua mjini Goma ndege zake za kwanza zisizo na rubani katika kazi ya kulinda amani. Zilikuwa za aina ya Falco, zilizotengenezwa Italia, na hazikuwa na silaha. Kazi yake ilikuwa kuangalia. Mei 2014 moja iliona boti iliyopinduka katika Ziwa Kivu, na waokoaji wakatumwa. Kwa hiyo tusiseme kwamba kila droni iliyopita juu yetu ilileta mauti.

Lakini mambo yalibadilika. Tangu mwaka 2023 droni zenye silaha zimeingia katika vita vya Kivu Kaskazini, na si upande mmoja tu uliozitumia. Februari 2024 jeshi la Kongo lilitangaza kwamba uwanja wa ndege wa Goma umeshambuliwa kwa droni. Mwaka 2025 vita vilipita Masisi vikafika hadi Walikale Centre, na familia nyingi zilizokuwa zimekimbia mara moja zikakimbia mara ya pili na ya tatu.

Tangu hapo mlio ule kama wa nyuki wengi umekuwa ishara. Mama anauacha ugali motoni. Mtoto anaingia chini ya kitanda, na aliye shambani anajitupa kwenye mtaro. Hakuna anayesimama kuuliza ikiwa ni ya mchezo, kwa sababu kutoka chini mtu hawezi kujua. Tena katika vita mbalimbali duniani, hata droni ndogo za dukani zimefungwa mabomu. Kwa hiyo ukubwa wa chombo si dhamana.

Kuna jambo la pili, nalo ni kamera. Droni inapiga picha ya vibanda vya wakimbizi, njia ya kwenda mtoni, zizi la ng'ombe, shimo la madini. Sisi wa Masisi tuna Rubaya na koltani yake. Sisi wa Walikale tuna Bisie na kasiteriti yake. Droni ikipita juu ya maeneo ya namna hiyo, kila mtu hujiuliza: picha hizi zinakwenda kwa nani? Mwenye droni anaweza kuwa mtu mwema kabisa, lakini simu yake ikiibwa au akinyang'anywa kwenye barabara, picha zinakwenda mahali asipopataka. Familia iliyokimbia kwa sababu inatafutwa inaweza kujulikana ilipojificha.

4. Chombo kilekile, kazi njema

Haifai pia tuwafundishe watoto kwamba droni ni shetani. Jirani zetu na ndugu zetu wameitumia kwa mema.

- Nchini Rwanda, tangu Oktoba 2016, droni za kampuni ya Zipline zilianza kupeleka damu hospitalini kutoka kituo cha Muhanga.
- Zanzibar, kuanzia mwaka 2016, Kamisheni ya Ardhi na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar zilitumia droni kuchora ramani ya visiwa, na wanafunzi wa chuo wakajifunza kuzirusha.
- Hapa Kongo, katika jimbo la Équateur, droni zimepeleka chanjo kwenye vituo vya afya ambavyo kwa mtumbwi huchukua muda mrefu kuvifikia.

Tuangalie mifano hii mitatu inafanana katika nini. Kila mmoja una mwenye kazi anayejulikana kwa jina, una kazi inayojulikana, na una serikali iliyoruhusu. Mwananchi anayeiona angani anaweza kuambiwa ni ya nani, imebeba nini na inakwenda wapi.

5. Hata penye amani mchezo una sheria

Mtu anaweza kudhani kwamba ng'ambo kila mmoja anarusha apendavyo. Sivyo. Marekani, mwenye droni ya mchezo yenye uzito wa zaidi ya gramu 250 lazima aisajili. Lazima pia apite mtihani mfupi wa usalama, asiivushe mita 120 hivi kutoka ardhini mahali pasipohitaji kibali, na aione kwa macho yake muda wote. Nchini Kenya droni za watu binafsi zilizuiliwa kwa miaka kadhaa, hadi kanuni zilipotoka mwaka 2020.

Kwetu Kongo, kurusha droni kunahitaji ruhusa ya mamlaka ya usafiri wa anga na ya vyombo vya usalama. Na tuseme wazi: popote penye watu wa silaha, mwenye droni anaweza kushikwa kama mpelelezi, awe na karatasi mkononi au asiwe nayo. Kwa aliyekuwa askari hatari ni kubwa zaidi, maana kila upande utauliza bado anamtumikia nani.

6. Mfano wa kujadili

Mfano huu si habari ya mtu fulani. Tumeutunga kwa ajili ya mafunzo.

Sajini mmoja mwenye miaka 54 amestaafu na kurudi kijijini kwao, katika sekta ya Osso-Banyungu. Mtoto wake anayefanya biashara mjini amemletea zawadi ya droni ndogo. Mzee amefurahi sana. Jioni moja anapanda kilimani na kuirusha juu ya bonde, ili aone shamba la baba yake ambalo hajalifikia kwa miaka mingi. Bondeni kuna familia 60 zilizokimbia vita. Zinasikia mlio na kukimbilia msituni. Katika kukimbia, mama mjamzito anaanguka. Usiku vijana wanakuja nyumbani kwa mzee na marungu. Mzee anasema: "Mimi nilikuwa nacheza tu." Vijana wanajibu: "Ulikuwa unatuhesabu."

Tuwagawe wasomaji katika makundi matatu: kundi moja liseme kama familia za bondeni, la pili kama mzee na nyumba yake, la tatu kama shefu wa lokalite. Kila kundi lieleze liliona nini, liliogopa nini, na linataka nini. Tusitafute haraka nani mwenye kosa. Tutafute ni saa gani jambo hili lingeweza kuzuiwa.

Makundi mengi yatagundua kwamba mzee hakuwa na nia mbaya na familia hazikuwa na wazimu. Kilichokosekana ni mtu wa kuwaambia wale wa bondeni kabla chombo hakijapaa. Na hata kama wangeambiwa, je, watoto wao wasingelia? Kwa hiyo msimamo wetu ni huu: kwa wakati huu, Masisi na Walikale si mahali pa kurusha droni kwa kujifurahisha. Sababu ni kwamba furaha ya mmoja haiwezi kununuliwa kwa hofu ya bonde zima. Siku anga litakapokuwa limetulia, swali hili litafunguliwa tena, na wa kwanza kuulizwa wawe wale wa bondeni.

7. Burudani yenye uzi unaoonekana

Watoto wa sehemu nyingi hucheza na tiara, yaani karatasi au nailoni iliyowambwa juu ya vijiti vya mwanzi na kushikwa kwa uzi. Tiara nayo inapaa, nayo inahitaji mtu anayejua upepo. Lakini haina mlio wala kamera, na kila mtu anaona uzi na anaona mkono unaoushika. Uzi wa droni hauonekani. Hapo ndipo penye tofauti, na hicho ndicho kipimo tunachowapa ninyi viongozi: shughuli yoyote ya aliyeacha silaha iwe na uzi unaoonekana. Watu wajue nani anaishika, saa ngapi, na kwa ajili gani.

Kwa kipimo hicho, mambo haya yanafaa:

Kutengeneza redio, simu na taa za sola. Askari wa mawasiliano ana mikono ya kazi hii. Meza yake ikiwekwa sokoni, si ndani ya nyumba iliyofungwa, watu watamzoea.

Ramani ya mkono. Aliyejua kusoma milima anaweza kuchora, pamoja na wazee na akina mama, ramani ya chemchemi, madaraja ya miti, vyoo na njia za kwenda kituo cha afya. Ichorwe kwanza chini kwa kijiti, mbele ya wote, kisha kwenye karatasi itakayotunzwa na kamati. Tuonye jambo moja: mipaka ya mashamba isiingizwe. Mapigano ya mwaka 1993, yaliyoanzia Ntoto katika Walikale na kuenea Masisi, yalikuwa na ugomvi wa ardhi ndani yake. Mipaka ina baraza lake na wakati wake.

Chukudu na useremala. Kutengeneza chukudu kunadai jicho la kipimo na uvumilivu, na chukudu humlisha mwenye nayo. Hapa burudani inageuka mkate.

Mpira. Askari wa zamani anajua filimbi na nidhamu. Anaweza kuwa refa au mwalimu wa timu ya vijana, lakini timu ichanganye wenyeji na wakimbizi, na makabila yote ya mahali pale.

Tiara na watoto. Kwa anayependa anga, tunasema asione haya. Mzee anayewafundisha watoto kuwamba tiara hapotezi heshima yake. Shefu aambiwe kwanza, iwe mchana na uwanjani, mbali na kambi yoyote ya watu wa silaha. Mtoto aliyezoea kutazama juu kwa hofu atatazama juu kwa sababu nyingine.

Tusiwasahau wanawake. Wako waliobeba silaha, wako waliopika na kubeba mizigo ya makundi, na wako wajane wa askari. Mara nyingi hawaorodheshwi popote. Mambo haya yote ni yao pia, na wenyewe waulizwe wanapenda nini kabla hatujawachagulia cherehani.

8. Wajibu wa kila mmoja

Familia: msimwite kila siku kwa cheo cha vita wala kwa jina la msituni. Mwiteni Baba fulani, kwa jina la mtoto wake. Mkiona halali, anapiga kelele usiku au anakunywa kupita kiasi, msimfungie ndani. Mwende naye kituo cha afya mkaulize msaidizi wa kisaikolojia.

Aliyeacha silaha: jitambulishe mwenyewe kwa shefu na kwa kamati ya wakimbizi kabla ya wengine kukutambulisha. Ukitaka kuanza shughuli, sema mapema. Ukiulizwa maswali, jibu bila hasira, anayeuliza ameumia.

Viongozi: mpeni kazi ndogo inayoonekana ndani ya wiki chache za mwanzo, kwa mfano kusimamia salongo ya njia. Msimtumie kama mlinzi wenu binafsi, maana hiyo ni kumrudisha alikotoka. Na uvumi ukianza, ufuatilieni siku hiyo hiyo.

9. Mlio ukisikika

Kwa usalama wa wote, tuyarudie haya. Droni ikisikika, msikusanyike kuitazama, msiielekeze kidole wala simu. Watoto waingie ndani au mahali palipo chini. Kitu kikianguka kutoka angani, hata kikiwa kidogo kama kichezeo, kisiguswe na kisipigwe mawe. Wekeni alama kwa mbali, wazuieni watoto, na mwarifuni kiongozi ili wajuzi wa mabomu waitwe.

Maswali ya kujadili katika baraza

1. Katika eneo letu, ni nani walioacha silaha ambao siku zao hazina cha kufanya? Nani amewahi kuwauliza wanapenda nini?
2. Ni shughuli gani hapa kwetu iliyofanywa kwa siri ikaleta hofu, ingawa haikuwa mbaya? Ingefanywaje mbele ya watu?
3. Watoto wetu wanafanya nini wakisikia mlio angani? Tunawaambia nini baadaye?
4. Kama mzee wa mfano wetu angekuja kuomba radhi bondeni, nani angemsindikiza, naye angepokelewaje?

Kazi ya mwezi huu

Kila kamati imchague mtu mmoja aliyeacha silaha na kumtembelea watu watatu: mwenyeji mmoja, mkimbizi mmoja na mama mmoja. Wasiende na daftari la kuandika majina. Waende na swali moja tu: "Mikono yako inapenda kazi gani?" Jibu lake liletwe barazani naye akiwepo, na shughuli ianze kwa kidogo kilichopo. Mzigo wa mwenzio ukiusaidia kuutua, nawe unapata njia ya kupita.